Haijaingia Maji

"Haijaingia maji," alisema kabla sijauliza,
na mimi, mwaka wa kumi na moja kwenye kibanda hiki cha Majengo,
sentensi hiyo naijua kama harufu ya lehemu.
Wote huanza hapo.
Aliyeitumbukiza chooni, aliyefua suruali nayo mfukoni,
yule wa bodaboda, Januari ile
korongo liliposhuka bila hodi likamfika kifuani:
haijaingia maji, fundi, imezima tu.

Basi nikafungua.
Skurubu ya kwanza ilikuwa na kutu.
Kwenye tundu la chaji nikachokoa kwa sindano
punje ya mchele, nzima, ya Bahi kwa urefu wake,
nikaiweka mezani mbele yake, sikusema kitu.
Akaitazama. "Jirani ndiye aliyenishauri."
Kibandiko kidogo chini ya betri,
kile kinachotoka kiwandani kikiwa cheupe,
kilikuwa chekundu kama ulimi uliotafuna ubuyu.
Nikaandika kwenye daftari:
Damari Chilongani, Ntyuka. Maji.

Halafu nikaweka bodi chini ya lenzi.

Maji yana mwandiko.
Ya mvua huingia mara moja, yakikauka huacha mstari
kama bwawa linavyoacha alama kwenye kingo.
Ya kisima chetu, haya ya chumvi yanayokula masufuria,
huacha weupe popote yalipolala.
Chai ya maziwa hunuka siku ya tatu.
Hapa hapakuwa na mstari.
Hapakuwa na harufu.
Ni upande mmoja tu wa bodi,
kijani juu ya kijani, ya zamani imeshakuwa nyeusi kwa chini,
chumvi iliyokuja kidogo, ikalala,
kesho yake ikarudi,
ikarudi tena.
Ajali haiandiki hivi. Hii ilikuwa ratiba.

"Simu unaiweka wapi, mama?"
Akagusa kifua, kushoto, ndani ya kitenge.
"Na kazi yako?"
Akanionyesha viganja.
Kokoto. Tangu alfajiri hadi jua lichoke lenyewe,
nyundo, jiwe, ndoo, jiwe,
mji wote huu unaopanda ghorofa juu ya ghorofa
ukipita kwanza, vipande vipande, chini ya mkono wake.

Jasho, kumbe.
Hakudanganya. Maji hayakuingia:
yalitoka, kwake, yakapitia humo.
Nikakata neno kwenye daftari.

Iliyobaki ni kazi ya mita.
Ncha moja imetulia, ncha nyingine inatembea:
kimya, kimya, kimya,
halafu piii,
mahali pasipotakiwa kulia.
Nikafukiza bodi kwa moshi wa rozini hadi ikawa kama imepakwa jivu,
nikapitisha umeme mdogo, nusu ampea,
nikangoja kuona weupe utayeyukia wapi kwanza.
Ukayeyukia juu ya kapasita moja
ndogo kuliko punje ya uwele,
imekufa huku imeshikilia pande zote mbili,
kila umeme unaokuja inaumwaga.
Nikaing'oa kwa kibano. Zipo jirani zake za kubeba mzigo.
Mswaki, spiriti, hita ya upole.
Kijani ikatoka. Makovu ya shaba hayatoki.

Ikawaka saa tisa na robo.
"Elfu nane," nikasema, ingawa mdomo ulishazoea kumi na tano,
naye hakushukuru. Alihesabu, mia tano mia tano,
noti laini zenye vumbi jeupe.
"Uwe unaifunga kwenye nailoni kwanza."
"Nikiifunga, dereva wa fuso akipiga nitajuaje?
Pale tunagonga watu ishirini. Mlio hausikiki.
Mimi nasikia kwa ngozi."

Kwenye droo nina vifaa vya kila namna.
Nikaipekua hata hivyo, nikajifanya natafuta kitu.
Nilipoinua kichwa alikuwa ameshairudisha palepale,
anavuka barabara na kivuli kifupi miguuni.

Punje ya mchele ilibaki mezani, ushahidi bila kesi.
Jioni kuku wa muuza mkaa akaruka juu, akaimaliza.